Diski Mbili, Shahidi Mmoja

Ukiweka kitu kimoja mahali pawili, je, una vitu viwili? Swali hili ni la mchezo mpaka mtu akuulize akiwa na sababu. Mimi niliulizwa na mama mwenye studio ya picha mjini Kitale, na sababu yake ilikuwa shamba la watu.

Nianze na kazi yenyewe, maana ndiyo iliyonifikisha hapo. Mimi ni mwandishi wa vibarua. Leo naandika maelezo ya bidhaa za duka, kesho wasifu wa marehemu, kesho kutwa makala ambayo jina langu halitaonekana. Maandishi hayalipi kodi ya nyumba kila mwezi, kwa hivyo natengeneza pia kompyuta za watu, Kitale zaidi, na mara moja moja Bungoma. Chuo nilikiacha baada ya mihula minne ya falsafa. Karo iliisha, maswali hayakuisha.

Studio hiyo hupiga harusi, mazishi, mahafali, na kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, sherehe za tohara za Wabukusu kule Bungoma. Kumbukumbu za miaka yote zilikuwa kwenye diski moja iliyoanza kulia tik-tik, ule mlio ambao kila fundi akiusikia anashika kichwa. Mama alitaka mpangilio ambao diski ikifa, kazi haifi. Hilo ndilo RAID inaloahidi, na kwenye Linux halihitaji mtambo wa bei. Unachomeka diski mbili zenye ukubwa sawa, unaandika lsblk kwanza ili ujue ipi ni ipi, halafu:

mdadm --create /dev/md0 --level=1 --raid-devices=2 /dev/sdb /dev/sdc

Baada ya hapo Linux inakuonyesha kitu kimoja tu cha kuwekea faili, md0. Unakitengenezea mfumo wa faili, unakipachika, unaandika taarifa zake kwenye mdadm.conf ili kompyuta ikiwaka tena ikikumbuke, basi. Kila unachoandika kinaandikwa kote kuwili. Ukitazama /proc/mdstat utaona [UU], maana yake diski zote ziko macho. Moja ikifa, herufi yake inageuka kuwa kistari, [_U], na kazi inaendelea kama hakuna aliyekufa. Unanunua diski mpya, unaiingiza, ile iliyobaki inaifundisha kila kitu. Ni uungwana wa hali ya juu, kusema kweli. Mara ya kwanza kuiona ikifanya hivyo nilitamani binadamu tungekuwa hivyo.

Lakini hebu tazama kinachotokea usiku ule wa kwanza. Ukishatoa ile amri, mfumo unaanza kulinganisha diski hizo mbili, na kwa terabaiti nne hiyo ni kazi ya saa nyingi, unaenda kulala ukaiacha. Kulinganisha kwenyewe ni nini? Ni kunakili ya kwanza juu ya ya pili. Bado hakuna hata picha moja iliyowekwa, na tayari imeamuliwa nani msemaji na nani mwitikiaji.

Basi siku moja akaja mteja.

Familia yake nitaificha, na nimebadilisha mambo ambayo yangewatambulisha, ila mfupa wa kisa ni huu. Mzee mmoja alikuwa na ekari kadhaa Trans Nzoia, ardhi ya zile zilizokuwa za walowezi kabla ya Uhuru. Ukoo wake uko Bungoma. Mjukuu alipohitimu, kifungua mimba wa mzee aliita studio ije ipige sherehe. Katikati ya vyakula na hotuba mzee akaomba kiti, akaomba kipaza sauti, akasema nani atachukua upande gani wa shamba, kutoka mti gani hadi mtaro gani. Kijana wa kamera aliendelea kupiga kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Wiki ya tano baadaye mzee akafariki. Kabla nyasi hazijaota kaburini, kifungua mimba akafika studio.

“Mama, ile video nililipia mimi,” alisema. “Nataka ile sehemu ya mzee itolewe. Baba alikuwa mgonjwa, hakujua anasema nini. Mnamwaibisha.”

Mama alimpa kiti, akamwambia ataangalia. Mimi nilikuwa pale nikifunga waya za yuu-pi-esi. Mteja alipotoka mama akanigeukia.

“Kijana wangu, nikifuta hapa, kwa ile nyingine itabaki?”

“Haibaki, mama. Inafutika kote mara moja.”

“Sasa kumbe ya pili tulinunua ya nini?”

Jibu la fundi ni jepesi, na kila anayefundisha RAID hulisema: RAID si bakapu. Inakukinga na kifo cha diski. Haikukingi na mkono wako, wala mkono wa anayekulipa, wala wa mwizi anayebeba kompyuta nzima, wala radi za huku kwetu magharibi zinazopita kwenye soketi moja iliyolisha zote mbili. Ukifuta, zinafuta pamoja kwa utiifu ule ule ziliotumia kuhifadhi. Nilimweleza mama hivyo, akaelewa. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani nikiwa sijaelewa.

Maana kuna jambo linapita ufundi. Tunasema nakala mbili ni bora kuliko moja kwa sababu mbili zikikubaliana tunaamini zaidi. Wittgenstein, katika kitabu chake Philosophical Investigations kilichotoka 1953, miaka miwili baada ya kifo chake, anamtaja mtu anayenunua nakala kadhaa za gazeti lile lile la asubuhi ili ajihakikishie kwamba habari iliyomo ni ya kweli. Darasani tulicheka. Mfikirie stejini Kitale na Taifa Leo tatu kwapani: ya kwanza inasema bei ya mahindi imepanda, ya pili inasema imepanda, ya tatu nayo, basi imepanda! Lakini ukiacha kucheka unajiuliza ni mara ngapi tumekuwa mtu huyo. Habari ikifika kwenye simu kutoka makundi matano ya WhatsApp tunasema watu watano wamesema. Mara nyingi ni mmoja amesema na wanne wamesukuma mbele.

Mashine inajua udhaifu huu kuliko sisi, na imeuandika wazi. Linux inaposoma faili kutoka kwenye RAID ya kiwango cha kwanza, haziulizi diski zote mbili ikalinganisha majibu. Inauliza moja, yoyote iliyo karibu na kazi, na kuamini. Diski hizo zinaweza kukaa miezi zikipingana juu ya biti fulani bila mtu kujua. Ndiyo maana kuna ukaguzi. Debian kwa kawaida huupanga Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa ambazo watu wamelala, mfumo unapitia pande zote na kuhesabu tofauti. Idadi yake inakaa kwenye faili inayoitwa mismatch_cnt. Ikiwa si sifuri unaweza kuamuru repair, yaani rekebisha. Neno zuri hilo. Ila ukisoma maelezo ya md yenyewe utakuta kwamba kurekebisha, kwa kiwango cha kwanza, ni kuchukua kilicho upande mmoja na kukiandika juu ya mwingine. Haichunguzi nani alikuwa sahihi. Hawezi kujua. Mashahidi wawili wamekosana, hakimu hayupo, basi mmoja anaambiwa arudie maneno ya mwenzake, na faili linafungwa.

Iko mifumo mingine, ZFS na Btrfs, inayotunza hesabu ya kila kipande pembeni, ili nakala zikikosana ijulikane ipi imeguswa. Naiheshimu sana. Hata hivyo hesabu hiyo inakuambia tu kwamba kilichoko leo ni kile kilichoandikwa siku ile. Kama siku ile uliandika uongo, itakulindia uongo wako hadi biti ya mwisho.

Hapa kuna kichekesho kidogo cha historia. Jina RAID lilianzia kwenye makala ya mwaka 1988 ya David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Hoja yao ilikuwa kwamba diski nyingi ndogo za bei ya chini, zikipangwa vizuri, zinaweza kushindana na diski moja kubwa ya ghali. Herufi I ilisimama kwa neno la Kiingereza lenye maana ya bei nafuu. Baadaye sekta ikaibadilishia maana, ikawa I ya kujitegemea, ya uhuru. Unaweza kuelewa kwa nini, hakuna muuzaji anayependa kutangaza kwamba mali yake ni rahisi. Ila nadhani walibadilisha neno la kweli kwa neno la matumaini. Diski mbili zilizonunuliwa duka moja siku moja, zimetoka kiwandani pamoja, zinakula stima ya soketi moja na kutii amri ya mtu mmoja, uhuru wao uko wapi?

Neno hilo la uhuru nilikutana nalo tena mahali ambapo sikulitarajia. Mama alikuwa ameuliza wakili, na wakili akamwonyesha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160. Nikaenda kuisoma mwenyewe. Kifungu cha 9 kinakubali wosia wa mdomo, lakini kwa masharti: usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi wenye uwezo, na aliyesema afariki ndani ya miezi mitatu. Mzee wetu alifariki wiki ya tano. Mashahidi walikuwepo wa kumwaga, sherehe nzima. Lakini kifungu cha 10 kinaangalia mbele zaidi. Kinasema mashahidi wakipingana juu ya alichosema marehemu, wosia huo hausimami, isipokuwa kwa kiasi kitakachothibitishwa na shahidi huru. Na sheria hiyo hiyo inaeleza shahidi huru ni nani: ni yule ambaye si mrithi katika wosia, wala si mume au mke wa mrithi.

Nilikaa na sentensi hiyo siku nzima. Aliyeandika sheria alijua kitu ambacho mdadm haina njia ya kukijua. Ndugu wawili wakikosana hausemi mmoja aandikwe juu ya mwingine. Wala huongezi ndugu wa tatu ili wawe wengi. Unamtafuta mtu ambaye shamba likienda huku au kule, yeye jioni atakula ugali wake ule ule. Kitindamimba na mkewe walikuwa wakisema alichosema mzee, na walikuwa wakisema kweli, lakini walikuwa wakisema kweli inayowapa ekari. Kifungua mimba alikuwa akiikana. Kijana wa kamera hakuwa na hata futi moja ya udongo pale. Alikuwa akisubiri balansi yake tu.

Na video nayo haijitetei. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahitaji cheti cha kuthibitisha rekodi ya kielektroniki, mtu mwenye wajibu juu ya kifaa aweke sahihi yake kuhusu ilivyotengenezwa na kutunzwa. Mwisho wa waya wote lazima pawe na mtu anayeweza kuulizwa.

Sasa turudi kwa yule mteja, kwa sababu hakuwa mtu mbaya na hoja zake si za kutupa. Ya kwanza: nililipia. Hii naona ni dhaifu. Alilipia kazi ya kupiga na nakala ya kubeba nyumbani. Hakulipia kunyamaza kwa watu wengine, na kama bei ya kunyamaza ingekuwemo, nina hakika ingeandikwa kwenye risiti. Ya pili ni nzito: baba alikuwa mgonjwa, mnamwaibisha. Nimeitazama video ile. Mzee anakohoa, anasahau jina la mjukuu, mate yanamtoka. Kuna heshima ya mgonjwa ambayo kamera haiijui. Lakini mzee ndiye aliyeomba kile kiti. Ndiye aliyeomba kipaza sauti. Anayetaka kumfunika aibu kwa kumnyang'anya maneno aliyotaka yasikike, anamfunika na nini hasa?

Hoja ya tatu mteja hakuisema, niliisema mimi usiku nikiwa peke yangu. Mama wa studio ni nani hata awe mlinzi wa kumbukumbu za familia ya watu? Leo anakataa kufuta kwa ajili ya mjane na kitindamimba. Kesho anaweza kukataa kwa sababu amepewa kitu. Anayetunza kila kitu ana nguvu juu ya kila mtu.

Nchi hii inaijua nguvu hiyo. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa na mafaili ya kikoloni ya Kenya yaliyohamishwa kabla ya Uhuru na kufichwa Hanslope Park. Mengine yalikuwa yamechomwa humu humu nchini. Yale yaliyobaki yalikuwa mbali na moto, mbali na mvua zetu na mchwa wetu, kwa fundi hiyo ingekuwa bakapu ya kuigwa. Ila ilikuwa mikononi mwa mtuhumiwa, na miaka karibu hamsini aliishika kimya. Umbali haukuwa uhuru. Na bado, zilipofunguliwa, karatasi hizo zilikuwa na uzito ambao ushuhuda wa wazee peke yao ulikuwa umenyimwa, kwa sababu ziliandikwa na watu ambao hawakuwa na faida yoyote katika kuwasaidia wazee. Mwaka 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wazee walikuwa wakisema maneno hayo hayo tangu zamani. Kwa nini tulihitaji karatasi ya aliyewapiga ndipo waaminiwe ni makala nyingine, na itakuwa ya hasira.

Mama hakufuta. Hakumwambia mteja hapana, alimwambia kazi hiyo inasubiri barua ya mahakama, na kijana wa kamera akaapa hati ya kiapo. Kesi bado iko kortini, kwa hivyo sitaigusa zaidi. Kisha akaniambia nimtafutie diski ya tatu, na hiyo isiunganishwe na zile mbili kwa waya wowote.

Diski hiyo iko Bungoma, kwenye kabati la mwalimu mstaafu ambaye si ndugu wa mama wala hana hisa kwenye studio. Mara moja kwa mwezi naipeleka faili mpya kwa matatu, kupitia Kamukuywa na Kimilili, diski ndogo mfukoni ikiwa imefungwa kwa leso. Kila faili nimeipigia hesabu ya sha256sum, orodha imechapishwa, mwalimu ameweka sahihi yake kila ukurasa kwa kalamu ya wino. Anaona ni upuzi kidogo lakini anafurahia kuweka sahihi. Sharti tulilokubaliana ni moja: hakuna kinachofutwa Bungoma kwa simu kutoka Kitale, hata simu hiyo ikiwa ya mama mwenyewe. Anayetaka kufuta afike, mwalimu amwone.

Mwaka huu sharti lilipata mtihani wake, na haukutoka kwa wenye mashamba. Kijana mmoja aliyetahiriwa Agosti 2018 alikuja studio. Kwenye video yuko uchi, amepakwa matope ya mtoni, anatetemeka kwa baridi ya alfajiri huku watu wakiimba. Wakati ule alikuwa mtoto, hakuna aliyemwuliza. Sasa ni mtu mzima, ana kazi, hataki mwili wake ukae kwenye kompyuta ya mtu. Kwangu hapa hakukuwa na mjadala. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitambua haki ya mtu kuomba taarifa zake zifutwe, lakini hata isingekuwepo, kufuta uso wako mwenyewe na kufuta sauti ya mwingine ni vitendo viwili. Amri ya kompyuta ni moja kwa vyote viwili, rm. Tofauti iko kwa anayeomba. Mama alifuta papo hapo, na md0 ikatii pande zote mbili.

Ya Bungoma ikabidi kijana aende, nami nikaenda naye. Mwalimu alimkaribisha chai, akamwuliza jina na kama yule kwenye video ni yeye. Akasema ni yeye. Tukaifungua ili tuhakikishe faili ndiyo yenyewe. Dakika ya kumi na moja, baada ya yeye kupita, kamera inageukia uani na kuna bibi kizee amejifunga leso kiunoni anaimba, sauti yake imekauka lakini iko juu ya wote. Alikuwa kukhu wake. Alikuwa amefariki mwaka uliofuata, na simu iliyokuwa na picha zake ilipotea zamani.

Kijana alikaa kimya hadi chai ikapoa. Mwalimu hakumharakisha. Halafu akaniuliza kama inawezekana kukata dakika zake tu, ile ya kukhu ibaki. Inawezekana. Ilinichukua kama saa moja, tukaandika hesabu mpya kwenye orodha, mwalimu akaweka sahihi, na kijana naye akaomba kalamu aweke ya kwake.